Namba ya Dakika Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa macho ameniagiza niandike kila siku: mama ametiwa matone mara ngapi, na kama jicho linamuuma. Operesheni ya mtoto wa jicho ni tarehe mbili Mei, na hospitali inataka ilipwe yote asubuhi hiyo hiyo, kabla mgonjwa hajavua viatu. Sikununua daftari jipya. Nimeligeuza hili la vipimo vya wateja: mbele viuno vya watu, nyuma macho ya mama.

Matone mara nne. Halimuumi. Mvua imeanza.

Alhamisi, 7 Machi

Matone mara nne. Nimepunguza suruali tatu na kubadilisha zipu ya sketi ya mwalimu.

Nafasi imebaki kwenye ukurasa, basi niseme na hili, maana nikilinyamazia litanikaba. Leo umekuja mzigo wa Kidege. Kidege ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, mwaka wa sita huu yuko ng'ambo, anafungasha mizigo kwenye ghala. Mapumziko ya chai yakifika anafungua duka la mtandaoni kwenye simu yake, anabonyeza, na kesho yake mleta mizigo anagonga mlango wetu. Leo kaleta redio. Mama ameipapasa kila kifundo, akaiweka mapajani, akasema, "Mwanangu amenikumbuka."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini, namkata kucha za miguu. Mimi mama huniita "wewe". Wewe, leta maji. Wewe, mvua hiyo, anua nguo. Aliye mwanawe ni Kidege. Nimehesabu: mwanangu mara saba, kwa redio moja.

Jumanne, 12 Machi

Niandike jinsi mambo yanavyokwenda, ili siku moja mtu akisoma ajue kazi anaifanya nani. Akaunti ya malipo iko kwa jina la mama na kwa simu ya mama, ile ndogo ya vitufe, kwa sababu laini ya Kidege ni ya nje na hao wa malipo hawaikubali. Humo ndimo Kidege anamotia pesa kila mwezi, za matumizi na za operesheni. Kila akitaka kulipia kitu, unaingia ujumbe kwenye simu ya mama wenye tarakimu sita za uthibitisho. Mama haoni. Basi Kidege ananipigia kwenye simu hiyo hiyo, maana nyingine hatuna, mimi naacha cherehani, nafuta mikono, namsomea: nne, moja, tisa, tisa, sifuri, mbili. Zikipita dakika mbili namba hiyo imekufa, inabidi aombe nyingine. Halafu yeye anasema asante dada, mimi nasema haya, tunakata. Mazungumzo yetu ndiyo hayo.

Chini ya kila ujumbe wameandika: usimpe mtu yeyote namba hii. Mimi natoa kila wiki.

Nilitaka na mimi nichangie operesheni. Nina akiba yangu ya cherehani, si haba. Kidege akasema, "Usihangaike dada, hiyo niachie mimi." Alisema kwa upole kabisa. Ningemwelewa zaidi kama angenitukana.

Matone mara nne.

Jumamosi, 16 Machi

Nimemshonea mama gauni. Nimetumia siku tano, katikati ya kazi za watu. Vifungo vikubwa vya mbele, ili avikamate kwa vidole bila kuniita. Mfuko mmoja tu, upande wa kulia, wa leso. Mshono wa ndani nimeufunika kwa kitambaa laini usimkwaruze.

Amelivaa, amelipapasa juu mpaka chini, akatabasamu. Halafu akamwita jirani yetu, yule tunayemwita Mama Sauti kwa kuwa akinong'ona wanasikia mtaa wa pili, akamwambia njoo uone gauni aliloniletea mwanangu.

Nikasema nimeshona mimi.

"Ndiyo, umeshona vizuri," mama akasema. "Kitambaa si kaleta Kidege?"

Kitambaa nilikinunua mimi. Nilikwenda kwa miguu, kwenye matope, nikapatana bei mpaka ulimi ukakauka. Sikusema. Nimerudi kwenye cherehani nikavunja sindano mbili.

Jumamosi, 23 Machi

Leo nimefanya kitu.

Mama Sauti alikuwa ameniambia Kidege anataka kumnunulia mama kiti, kile cha kuegemea, chenye pa kuwekea miguu. Habari ameipata kwenye ukurasa wa Kidege, maana Kidege kila akikohoa anaandika. Kiti kilikuwa kimeshushwa bei mpaka saa sita mchana. Kidege akapiga saa sita kasoro dakika nane. "Dada, inaingia sasa hivi."

Ikaingia. Niliiona. Simu ilikuwa juu ya cherehani, karibu na chaki. Nane, tatu, tatu, saba, moja, tano, naikumbuka mpaka sasa. Nikamwambia haijafika.

Akaomba nyingine. Ikafika. Nikasema bado, labda mvua. Kwa kweli mvua ilikuwa inapiga bati hata tunasikilizana kwa shida, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na mavazi. Akaomba ya tatu. Nikakaa nayo nikiitazama mpaka saa ya ukutani ikagonga sita. Mwenzangu kule akavuta pumzi ndefu, akasema basi dada, wamefunga.

Roho ya kwa nini, watu huiita hivyo. Mimi nilidhani ni ugonjwa wa majirani. Nimeinama nikaendelea kutia pindo, na nisidanganye humu ndani: nilijisikia vizuri. Nilijisikia vizuri mpaka jioni, mama aliponiuliza kama kuna kiti kimekuja, kwa sababu Kidege alimpigia jana akamwahidi. Amekaa siku nzima akisikiliza mlango.

Matone mara nne.

Jumatatu, 25 Machi

Kidege amepiga kuniambia amewaandikia malalamiko wale wa duka, kwamba namba hazifiki. Nikamwambia umefanya vizuri. Matone mara nne. Mvua.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua. Mashuka hayakauki. Kidege ametuma blanketi. Namba nimeisoma haraka, bila neno jingine.

Jumatano, 3 Aprili

Matone mara nne. Mama ameniuliza kama Kidege amenenepa au amekonda. Nitajuaje? Mimi husikia namba tu.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua, wateja hawaji. Suruali moja.

Jumapili, 14 Aprili

Leo walikuja wageni: shangazi na binti zake wawili, kumjulia mama hali. Nilipika tangu asubuhi. Nilimvika mama lile gauni, nikamchana, nikamkalisha. Wakati wa kula nikashika beseni, nikawa namnawisha mikono, kidole kimoja kimoja kama anavyopenda. Shangazi akamuuliza, wifi, unatunzwa lakini?

Mama akasema, "Kidege ndiye anayenitunza. Nisingekuwa na Kidege, saa hii mngekuja kunizika."

Mikono yake ilikuwa ndani ya mikono yangu. Maji yalikuwa bado yanachuruzika. Yule binti mdogo wa shangazi aliniangalia kisha akaangalia chini, na hiyo ndiyo iliyoniua zaidi, ile huruma yake. Nikamfuta mama mikono, nikaenda jikoni, nikasimama nimeegemea ukuta. Nikajiuliza ni nani aliyeamka usiku mwezi uliopita alipotapika. Nani anamtia matone. Nani anajua kwamba anaogopa kuoga nywele zikiwa zimefumuliwa. Kidege anajua? Kidege anajua bei za viti.

Matone mara nne, hata leo.

Jumatatu, 15 Aprili

Saa nne asubuhi simu ya mama ikalia. Si Kidege. Mwanamke mwenye sauti ya kistaarabu, habari za asubuhi dada, samahani kwa usumbufu. Akasema anapiga kwa niaba ya Kidege, anafanya naye kazi, Kidege yuko zamu hawezi kushika simu, kuna malipo ya mama ya haraka. Itaingia namba sasa hivi, naomba unisomee.

Kumbe sasa nina mabosi wawili. Hata kupiga mwenyewe hawezi, anatuma mtu. Yote ya jana yakanipanda kichwani.

"Mwambie Kidege," nikasema, "kama anataka kumtunza mama, aje amtunze. Mimi si karani wake."

Nikakata. Ikalia tena, nikaizima. Nikafungua kopo la vifungo, nikaitumbukiza humo, nikafunika. Imeshinda humo. Mama ameuliza mara mbili mbona Kidege hapigi, nikamwambia ana kazi nyingi.

Jumanne, 16 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Mama Sauti amekuja anakimbia na mwavuli umegeuka nje ndani, simu yake mkononi, Kidege yuko hewani analia. Ameipata namba ya jirani baada ya kutupigia tangu jana bila kutupata. Akaniuliza jambo moja tu: "Dada, umempa mtu namba?"

Nikasema sijampa mtu.

Nilimsikia akilia na kucheka pamoja, na watu wa huko ghalani wakimuuliza kuna nini. Ndipo akanieleza. Yule mwanamke hamjui. Hakumtuma mtu. Ni mwizi, alikuwa anajaribu kuingia kwenye akaunti ya mama, mle mlimo na pesa za operesheni. Alikuwa amebakiza hiyo namba tu. Alijaribu na kujaribu mpaka wale wa malipo wakaifunga akaunti wenyewe na kumwandikia Kidege barua pepe. Pesa zote zipo.

Nikatoa simu kwenye kopo la vifungo, nikaiwasha. Ujumbe kumi na nne. Tarakimu sita, tarakimu sita, tarakimu sita. Usimpe mtu yeyote namba hii.

"Umeokoa jicho la mama," Kidege akasema.

Mama Sauti alikuwa amesimama pale pale, kwa hiyo kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unajua. Wanasema nilimtambua mwizi kwa sauti. Wanasema nilimjibu: mimi si karani wako. Wamebadilisha herufi kidogo tu na maneno yamekuwa ya shujaa.

Mama aliniita nikae karibu. Akaninyooshea mkono, akanipapasa uso, akasema, "Mwanangu huyu ana akili."

Miaka mitatu, tangu mama aache kuona, nimelisubiri neno hilo. Limenifikia leo, na sikulistahili hata kidogo.

Alhamisi, 18 Aprili

Ili akaunti ifunguliwe, mwenye jina lazima afike kwa wakala na kitambulisho. Nimemfunga mama koti la mvua, nikamtia mifuko ya plastiki miguuni, tukaenda polepole. Wakala ni mama mwenye miwani iliyofungwa kamba, mkali lakini mwema. Alitufokea wote wawili kwa pamoja. Akasema namba ile ni mlango. Benki inaweza kuweka kufuli kumi, lakini ukimfungulia mtu mwenyewe, kufuli hazina kosa. Hata mwanao wa kumzaa, usimsomee.

Akamwambia mama achague namba mpya ya siri. Mama akasema, weka mwaka aliozaliwa Kidege. Wakala akasema mwaka wa kuzaliwa mtu yeyote ni marufuku, huo ndio wezi wanaoanza nao. Nilimpenda wakala yule papo hapo.

Tukakubaliana namba nichague mimi, niishike mimi, na malipo ya mama nifanye mimi. Kidege alipopigiwa akasema sawa, dada ndiye anayejua kulinda. Tulipokuwa tunaondoka wakala akapekua kwenye kompyuta yake, akaniuliza mbona huyu mwenzenu aliambiwa tangu mwaka jana kwamba namba zinaweza kwenda kwenye barua pepe yake, na akakataa? Nikasema sijui. Nimelifikiria njia nzima, sijapata jibu. Labda alipenda tu kunisumbua.

Matone mara nne.

Jumamosi, 20 Aprili

Watu wanakuja na simu zao. Mmoja ameambiwa ameshinda gari, mwingine mjukuu wake eti amekamatwa, atume pesa ya dhamana. Wananiita Mama Usalama. Nawaambia yale yale ya wakala: usisome namba, usibonyeze usichokijua, kata simu umpigie mwenyewe mtu unayemjua. Wanaitikia kwa vichwa. Shangazi naye amepiga kunisifu, amesema siku zote alijua mimi ni mwerevu. Siku zote gani?

Nimegundua jambo la ajabu. Huyo dada mwerevu wanayemsimulia, mtulivu, aliyemtega mwizi na kumkata maneno, namwonea wivu. Anapendwa na mama, anaheshimiwa na mdogo wake. Mimi ni wa kumfungulia mlango tu, na kumpisha.

Jumatano, 24 Aprili

Kidege anapiga kila siku sasa. Hana namba ya kuomba, anapiga kulia tu. Leo ameniambia amejua mwizi alitupatia wapi. Yale malalamiko ya mwezi uliopita hakuyaandika kwa siri. Aliyaandika kwenye ukurasa wa duka, hadharani, mbele ya watu wote. Akaweka na namba ya simu ya mama. Akaandika na kwamba dada ndiye anayenisomea. Akatia jina, Kidege.

"Nilikasirika kwa sababu namba zilikuwa hazifiki," akasema. "Mimi ndiye niliyemwita mwizi, dada. Ningempofusha mama."

Nikamwambia usijilaumu. Nilisema hivyo, kwa mdomo huu, na nikamwacha akate akijilaumu.

Matone mara tatu. La nne nimelisahau. Sijawahi.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimemwambia.

Sikupanga iwe leo. Alipiga mapumziko yake ya chai, akaanza tena: kosa langu, ujinga wangu, hata kula siwezi, kila nikifumba macho namwona mama anapapasa ukuta. Akasema hatamtumia mama kitu tena kwa simu, hana mkono wa kuaminiwa. Nilikuwa nafumua pindo la suruali. Nikaweka wembe chini.

"Namba zilikuwa zinafika," nikasema. "Za siku ile ya kiti. Zote tatu. Nilikaa nazo mpaka zikafa."

Nikasikia kengele ya ghala lao.

"Kwa nini, dada?"

"Wivu."

Nikamaliza yote, maana ukishafungua jipu huachi nusu. Nikamwambia yule mwizi sikumtambua. Nilidhani kweli ametumwa naye, na nilimfokea nikijua namfokea Kidege. Simu niliizima kwa hasira. Kama siku ile mama angekuwa amenisema vizuri mbele ya wageni, ningemsomea yule mwanamke namba zote sita, na asante juu.

Akakata.

Mama alikuwa kwenye kiti chake dirishani, redio ikiongea. Sikumbuki aliipunguza sauti saa ngapi, lakini ilikuwa chini kabisa. Nikasubiri. Akavuta blanketi magotini.

"Wewe," akasema, "kile kiti kingenizidi kimo hata hivyo. Miguu ingening'inia."

Halafu akaniuliza kama ni saa ya matone. Ilikuwa saa ya matone. La kwanza likaangukia shavuni. Akaniambia nisiwe na haraka.

Jumapili, 28 Aprili

Matone mara nne. Hajapiga.

Jumatatu, 29 Aprili

Matone mara nne. Hajapiga. Mama Sauti anauliza mbona nimepooza, na mtu maarufu hatakiwi kupooza.

Jumanne, 30 Aprili

Hajapiga. Nimeangalia simu kila baada ya mshono mmoja. Nilikuwa naichukia ikilia, leo nimetikisa betri nikidhani imekufa.

Jumatano, 1 Mei

Matone mara nne, ya mwisho. Hajapiga. Nimemwogesha mama, nywele nimemfumulia nusu nusu ili asiogope. Gauni la vifungo nimelipiga pasi.

Alhamisi, 2 Mei

Tumefika hospitali saa moja. Mvua ya manyunyu. Mama Sauti alikuja nasi, ameahidi kunong'ona.

Dirisha la malipo lina foleni mbili: ya wenye noti, ndefu mpaka nje, wanazibana chini ya makoti zisilowe, na ya simu, fupi. Nikasimama kwenye fupi. Nikabonyeza namba ya hospitali, kiasi, namba ya siri niliyoichagua mwenyewe. Ukaingia ujumbe. Tarakimu sita. Nikazisoma kwa sauti, kwa mazoea, kisha nikakumbuka hakuna wa kumsomea. Nikaziandika mwenyewe. Karani akatazama kompyuta yake, akagonga muhuri. Tone la mvua lililokuwa kwenye kiwiko changu lilikuwa bado halijakauka.

Basi ndivyo ilivyo. Nimeuonja utamu wake. Unabonyeza na mama yako anapata jicho. Nikaelewa kwa nini Kidege hakomi. Nikaelewa na jambo jingine nililokuwa silitaki: nilipogeuka, mama alikuwa pale benchini, nikamshika mkono tukaingia. Kidege akishabonyeza, anageuka anaona maboksi.

Nilimtumia Kidege picha ya risiti kwa simu ya Mama Sauti. Sikuandika neno.

Operesheni imekwenda vizuri, jicho limefungwa, watalifungua kesho. Saa kumi na moja jioni simu ikalia. Kidege. Aliniuliza kwanza hali ya mama. Kisha akasema alikuwa na hasira nami siku tano, na bado anayo kidogo, itaisha yenyewe. Nikamwambia nitaisubiri. Nikamuuliza lile la wakala, kwamba namba zingeweza kwenda kwake kwa barua pepe, kwa nini alikataa.

"Zingekuja kwangu," akasema, "wewe ungeongea nami kwa sababu gani?"

Nikaisogeza simu sikioni zaidi.

"Ulikuwa unapokea simu umenuna, dada, unasoma namba kama unapiga mnada. Lakini nilikuwa nasikia cherehani nyuma. Nasikia mama anauliza nani huyo. Dakika mbili. Siku nyingine nilikuwa nanunua sabuni, sina haja ya sabuni."

Tuna sabuni kabatini za kutosha miaka miwili. Nilikuwa nadhani ni maringo.

Ijumaa, 3 Mei

Daktari amefungua jicho. Mama alipepesa, akatoa machozi. Nilikuwa nimeinama mbele yake. Akanitazama. Nimesahau kutazamwa na mama kukoje. Nilitaka kujificha nyuma ya daktari. Akanyanyua mkono akagusa nywele zangu hapa pembeni, palipoota mvi asizozijua.

Mama Sauti akamwekea simu yake kubwa mbele, Kidege yumo, anapunga mkono, machozi na kamasi. Mama akamwangalia. Akanigeukia mimi. Akamrudia Kidege. Akanirudia mimi.

"Yule kanenepa," akasema. "Wewe umekonda. Sasa ile mizigo yote ilikuwa inaliwa na nani?"

Kidege alicheka mpaka simu ikamwanguka, tukawa tunaona dari la ghala. Daktari naye alicheka. Mimi nilikuwa nalia, kwa hiyo nilichelewa kujiunga. Mama akalivuta gauni lake karibu na jicho jipya, akaukagua mshono wa kola, kisha akaugeuza ndani nje, akaona kitambaa laini nilichofunikia. Akakaa nacho kidoleni muda mrefu. Hakuuliza tena nani alikinunua.

Jumapili, 19 Mei

Mvua imekatika. Matone hakuna tena, daktari amesema nisiandike, lakini kurasa bado zipo.

Leo Kidege amepiga mapumziko ya chai. Hakuna namba ya kusoma, hakuna kitu cha kununua. Tumeongea dakika kumi na nane, kuhusu mvi, na mpenzi wake asiyejua kupika, na jinsi ya kupunguza kiuno cha sketi bila kuharibu zipu. Kisha mama akaninyang'anya simu, wakaongea saa nzima, wanacheka, mama ananiangalia kwa pembe ya jicho lake jipya. Nimewaonea wivu wote wawili. Nikaenda kuanua nguo.